Skuta Mlangoni kwa Mzee Bichage

Mzee Bichage alisema hapana kabla hajaulizwa.

Walikuwa wamesimama kwenye ploti tupu iliyotazamana na mashine yake ya kusaga unga, pale Homa Bay, upande wa juu wa soko. Bwana Fanuel, afisa wa viwanja wa baraza la mji, alikuwa ameshika kofia yake isichukuliwe na upepo wa ziwa. Majirani wachache walikuwa wamekuja kusikiliza, kwa kuwa sheria iliwapa haki ya kusema neno kabla kibali hakijatoka. Kijana Cephas, aliyeomba kufungua duka la skuta mahali hapo, alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Na Orpah, karani wa viwanja, alikuwa amekumbatia ramani kifuani kama mtu anayelinda mtoto na mvua.

Orpah alikuwa pia binti ya Mzee Bichage. Na kwa muda wa mwaka mzima sasa, moyo wake ulikuwa kwa Cephas.

"Hapana," Mzee akasema. "Hapa siyo."

"Mzee wangu, bado sijauliza," akasema Bwana Fanuel kwa upole.

"Nimekupunguzia kazi."

Watu wakacheka. Orpah hakucheka. Alimtazama baba yake, kisha akamtazama Cephas, kisha akaona afadhali atazame chini.

Ombi lile alikuwa amelikagua mwenyewe. Alipolipokea mezani kwake alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Fanuel, akamwambia kwamba yeye anamfahamu mwombaji. Bwana Fanuel, Mjaluo mtu mzima wa Karachuonyo aliyekuwa hapendi haraka katika jambo lolote, akamjibu, "Homa Bay hii, nani asiyemfahamu mwenzake? Wewe pima. Kuamua niachie mimi." Basi akapima. Alipima upana wa mbele na umbali wa mfereji. Alihakikisha kuwa sehemu ile ilitengwa kwa biashara, siyo kwa makazi. Aliuliza oili chafu itamwagwa wapi, na petroli itawekwa umbali gani kutoka jikoni kwa watu. Kila swali alilouliza, Cephas alikuwa na jibu. Hakumpendelea hata kidogo. Kama ni kumpendelea, basi alimpendelea kwa kumsumbua kuliko waombaji wengine. Ombi likabaki halina kasoro. Lililobaki lilikuwa majirani, na jirani wa kwanza alikuwa baba yake.

"Haya, Mzee," Bwana Fanuel akasema. "Umepinga. Nipe sababu."

"Kelele."

Wakati huohuo, ng'ambo ya barabara, mfanyakazi wa Mzee Bichage akawasha mashine. Ikakohoa, ikatetemesha mabati, ikaanza kunguruma kama ilivyonguruma kila siku ya kazi tangu Orpah akiwa mdogo.

"Mzee, sema tena!" akapaza sauti Teresa, mwenye hoteli ya chai pale kona. "Hatujasikia. Kuna mashine ya mtu inapiga kelele!"

Safari hii hata Bwana Fanuel aliinamia kofia yake ili asionekane anacheka. Mzee Bichage hakutikisika. Alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, mrefu, mwenye koti jeusi alilolivaa jua liwe kali kiasi gani.

"Mashine yangu hulala siku ya Sabato," akasema.

Cephas akapiga hatua moja mbele. "Mzee, na mimi nitafunga Jumamosi. Jumapili nafunga kwa ajili ya misa, Jumamosi nitafunga kwa ajili yako. Skuta haitawaka siku hizo mbili."

Ilikuwa ahadi kubwa kutoka kwa mfanyabiashara ambaye hata hajaanza. Majirani wakanong'ona. Lakini Mzee Bichage hakumgeukia. Aligeuza uso pembeni kabisa, akasema na Bwana Fanuel kana kwamba Cephas yuko ng'ambo ya ziwa.

"Mwambie kijana huyo kwamba mimi nazungumza na wewe."

Orpah alihisi damu ikimpanda usoni. Baba yake hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini hakuwa mtu wa dharau pia. Hata mwizi wa kuku aliwahi kumkaribisha kiti kabla ya kumkaripia.

"Basi la kelele limekwisha," Bwana Fanuel akasema. "Kuna lingine?"

"Lipo."

"Lipi?"

Mzee Bichage akatazama viatu vyake. "Mahali pengine popote katika mji huu sina neno naye. Lakini hapa siyo."

Teresa akaona hali imechacha, akaleta chai na mandazi ambavyo Cephas alikuwa ameviagiza tangu asubuhi kwa heshima ya wageni. Kila mtu akapokea kikombe. Cephas mwenyewe akachukua kimoja, akakibeba kwa mikono miwili hadi kwa Mzee Bichage. Mzee akarudi nyuma. Cephas akasogea. Mzee akarudi nyuma tena, akatikisa kichwa, kisha akawapa watu wote mgongo na kusimama akiutazama ukuta wa mashine yake mpaka vikombe vilipokwisha. Hakuna aliyecheka sasa.

Bwana Fanuel akapangusa makombo mdomoni. "Sikilizeni. Kamati inakaa kesho asubuhi. Pingamizi la jirani wa mlango kwa mlango, hata kama sababu yake siielewi, nikilipeleka hivi ombi litawekwa kando. Nitarudi hapa saa tisa. Kabla ya hapo, mtu anipe sababu au anipe njia."

*

Cephas alikuwa akifunga mzigo nyuma ya skuta yake ya kijivu, chini ya paa la duka la vyuma alikokuwa akitengeneza skuta za watu, Orpah alipomfikia. Walizungumza Kiswahili wao wawili, kwa kuwa yeye alikuwa Mkisii na Cephas Mjaluo wa Rangwe. Mwanzoni kilikuwa Kiswahili cha ofisini. Cephas alikuja kuuliza ploti ipi iko wazi, kesho yake akarudi kuuliza swali lilelile, kesho kutwa akarudi tena, na Orpah akamwambia, "Bwana, ploti hazizai usiku." Tangu siku hiyo Kiswahili chao kikawa kama chumba chenye nafasi ya watu wawili tu.

"Unakwenda wapi?" akamuuliza.

"Migori."

"Saa hii?"

"Kampuni ya skuta ya Kisumu inataka wakala mwenye kibali mwezi huu. Wakinikosa mimi, watampata mwingine. Migori binamu yangu ana chumba barabarani, na huko hakuna atakayenipa mgongo."

"Bwana Fanuel amesema saa tisa."

"Orpah, hata chai yangu hakuigusa."

"Ilikuwa chai ya Teresa."

"Nilipoiagiza ikawa yangu!" Cephas akakaza kamba kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. "Nilimpelekea kwa mikono miwili. Mbele ya mji mzima. Akanikimbia kama mtu mwenye ukoma. Unataka aniambie kwa lugha gani ndipo nielewe?"

Orpah aliudhika. "Kwa hiyo unaniacha kwa sababu ya kikombe?"

"Siyo kikombe. Ni mtu mzima aliyesema neno moja: siyo hapa. Mtu asiyeweza kuvumilia duka langu ng'ambo ya barabara, atavumilia vipi niketi nyumbani kwake na kumwomba binti?"

"Basi nenda."

"Unasema kweli?"

"Wewe ndiye uliyefunga mzigo, siyo mimi."

Wakatazamana. Macho ya Cephas yalikuwa mekundu kwa vumbi, au kwa jambo lingine ambalo mwanamume hapendi lionekane barabarani. Orpah alitamani kuushika mkono ule uliokuwa juu ya usukani, wenye mstari mweusi wa oili chini ya kucha ambao hakuna sabuni iliyowahi kuushinda. Hakuushika. Mtaa mzima ulikuwa ukitazama.

Cephas akapanda, akapiga teke la kuwashia. Skuta ikanyamaza. Akapiga tena. Ikatoa pumzi kidogo, ikanyamaza. Akapiga mara nyingine, kisha akakaa juu yake, ameinamisha kichwa.

"Wakala wa skuta," akasema taratibu, "na skuta yake haiwaki."

Orpah angecheka siku nyingine. Siku hiyo aligeuka na kuondoka kabla machozi hayajamwaibisha.

*

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya mashine. Mama yake, Bosibori, alikuwa uani anapepeta wimbi, na makapi yalikuwa yakiruka kuelekea upande wa ziwa.

"Mama, baba amemfukuza Cephas."

Mama hakusimamisha ungo. "Amemfukuza kwa maneno gani?"

Orpah akamweleza yote: kelele, mgongo, kikombe, na jinsi baba alivyokataa hata kumwelekezea uso. Aliyasema kwa uchungu, akisimama na kutembea, akisimama tena. Alipofika pale baba aliporudi nyuma mbele ya kikombe, ungo wa mama yake ukasimama.

"Alirudi nyuma?"

"Mara mbili."

"Akatazama ukuta mpaka yule kijana amemaliza kunywa?"

"Mpaka amemaliza."

Mama akaweka ungo chini. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Orpah akadhani analia, mpaka alipoona kwamba anacheka kwa kuziba mdomo na kanga.

"Mama!"

"Kaa chini, mwanangu. Kaa. Dada yako Mong'ina alipoposwa ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa shuleni, bweni."

"Ndiyo maana hukuona. Mume wa Mong'ina, kabla watu wake hawajaja kwa taratibu, alikutana na baba yako kwenye mkutano wa kanisa. Baba yako alijificha nyuma ya gari la mchungaji ili wasile chakula mahali pamoja. Nani humkimbia mtu asiyekuwa chochote kwake? Mpita njia baba yako hunywa naye chai. Polisi hunywa naye chai. Mtu ambaye hawezi kula mbele yake ni mmoja tu."

Orpah alimtazama mama yake bila kupepesa.

"Mkwe," mama akasema. "Hiyo ni ensoni, mwanangu. Ni heshima iliyochanganyika na haya. Baba wa msichana na mume wa msichana hawatazamani wakila. Hawaonani wakiwa na vifua wazi. Mlango hauangalii mlango. Sasa wewe unamletea mkwe wake afungue duka hapo mbele, baba yako akitoka asubuhi na fulana ametapakaa unga, mkwe yule pale. Akila ugali wake mlangoni, mkwe yule pale. Maskini mzee atanywea maji wapi?"

"Lakini baba ni mzee wa kanisa! Yeye mwenyewe alituambia mila zote zilizama mtoni siku ya ubatizo."

"Nyingine zilijua kuogelea."

Orpah akaketi kwenye kigoda. "Kwa nini hakusema? Neno moja tu lingetosha."

"Aseme nini? Asimame mbele ya afisa wa serikali atangaze, 'Huyu ni mkwe wangu,' na hakuna mtu wa Rangwe aliyewahi kubisha hodi hapa? Hiyo ni kutembeza binti sokoni. Afadhali achekwe kwa habari ya kelele." Mama akaokota ungo wake. "Amewajua ninyi siku nyingi. Aliniambia tangu mvua zile ndefu. Alisema, 'Yule kijana hufunga kazi yake vizuri kabla ya kwenda nyumbani.' Kwa baba yako huo ni wimbo mzima."

Ahueni ilimjia Orpah taratibu, kama joto linavyorudi kwenye vidole. Alicheka, akalia, akacheka tena. Halafu akakumbuka kamba iliyokazwa nyuma ya skuta, akatoka mbio.

*

Cephas hakuwa amekwenda mbali. Skuta ilikuwa imelala ubavu mbele ya hoteli ya Teresa, na yeye alikuwa amepiga magoti kando yake akisafisha plagi kwa kipande cha msasa.

"Usiwashe," Orpah akamwambia akihema.

"Haiwaki hata nikitaka."

"Sikiliza. Baba hakukukataa." Akainama, akamwambia yote kwa sauti ya chini, huku Teresa akijifanya anafuta meza iliyokuwa safi tangu asubuhi.

Cephas alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaketi chini kabisa, mavumbini, na suruali yake ya kikao.

"Kwetu mkwe huitwa *or*," akasema. "Na hata kwetu mtu hajengi mlangoni kwa wakwe zake. Mjomba wangu alihamisha zizi kwa sababu hiyo. Orpah, mimi nimezaliwa na kukua na mila hii. Nilikuwa na akili gani?"

"Kwa nini ulichagua ploti ile? Mji mzima una ploti."

Akaifumbata plagi kiganjani. Aliona haya, na Orpah hakuwahi kumpenda kama alivyompenda dakika ile.

"Kwa sababu asubuhi unatoka kwa mlango ule kwenda kazini," akasema. "Na jioni unarudi kwa mlango uleule. Nilifikiri, nikifungua hapo, hata siku ambayo sitauza kitu nitakuwa nimepata."

Teresa akadondosha kitambaa. "Uuuwi," akasema, akaingia jikoni.

Orpah akafungua ramani juu ya meza, akaikandamiza na bakuli la sukari. Sasa alikuwa karani tena, na mikono yake ilitulia. "Tazama. Ploti iko kona. Upande huu unaangalia mashine. Upande huu unaangalia barabara ya Rangwe. Sote tulichukulia kwamba mbele ni huku kwa kuwa ndiko majirani walikogeukia. Hakuna sheria inayosema hivyo."

"Nikigeuza mlango..."

"Wateja wako watatoka Rangwe hata hivyo, na magari yote hupita huko. Karakana iende nyuma, na huku kwa baba pawe ukuta mtupu."

"Basi sitakuona asubuhi."

Orpah hakuinua macho kwenye ramani. "Mume haketi dukani kusubiri mke wake apite, Cephas. Anatoka naye nyumbani."

*

Saa tisa Bwana Fanuel alirudi, kofia mkononi. Mzee Bichage alikuwa amesimama palepale, kana kwamba hakwenda popote. Cephas, safari hii, alisimama mbali, nyuma ya majirani wote, akiwa amegeuza bega. Hakusalimia. Hakusogea. Orpah alimwona baba yake akiutambua ule umbali. Aliona shingo iliyokuwa imekakamaa tangu asubuhi ikilegea ndani ya kola.

Alimkabidhi Bwana Fanuel ramani yenye mistari mipya ya penseli. Afisa akaisoma. Akamtazama Mzee aliyekuwa akitazama kaskazini, akamtazama kijana aliyekuwa akitazama kusini, na uso wake wa Kijaluo, uliokwisha kuona wakwe wengi wakikimbiana barabarani, ukafunguka.

"Ah," akasema. "Nimekuwa mjinga tangu asubuhi." Akakohoa. "Mzee, nikitoa kibali kwa sharti kwamba mlango uangalie barabara ya Rangwe?"

"Na upande wangu?"

"Ukuta."

"Mrefu?"

"Kumpita mtu aliyesimama."

"Una dirisha?"

"Hauna hata tundu la panya."

Mzee Bichage akavuta pumzi ndefu, akaitoa. "Sina pingamizi."

"Na lile la asubuhi niseme sababu yake ilikuwa nini?"

"Sema kelele," Mzee akajibu bila aibu yoyote, na Teresa akaangua kicheko hadi akashika nguzo.

Bwana Fanuel akavaa kofia. "Kesho kamati itapitisha. Kijana, anza kutafuta matofali." Kisha, kwa Kijaluo, akamwambia Cephas jambo fupi lililomfanya kijana ainame kwa heshima na kucheka peke yake. Orpah hakulielewa, wala hakuhitaji.

Watu walipotawanyika, Orpah alitembea na baba yake kuvuka barabara. Mashine ilikuwa imezimwa, na kwa mara ya kwanza siku ile aliweza kusikia viatu vyake mwenyewe kwenye changarawe. Alitaka kumshika baba yake mkono na kumshukuru. Alijua pia kwamba akithubutu, mzee atakimbia hadi Kisii. Basi akatembea tu kando yake.

Mlangoni baba yake akasimama, akapangusa unga begani ambao haukuwepo.

"Wakatoliki," akasema, akiutazama mlango, "Jumapili misa yao huisha saa ngapi?"

Orpah akamsogelea. "Kwa nini unauliza, baba?"

"Sijauliza kitu. Nimeuliza saa."

"Saa tano, baba. Na kutoka Rangwe hadi hapa ni mwendo wa saa moja hivi."

"Saa sita, basi," Mzee Bichage akasema, kama mtu anayejisemea mwenyewe. "Mwambie mama yako viti vya kanisani anaweza kuviazima." Akaingia ndani, na Orpah akamsikia akianza kuimba wimbo wa Sabato, na ilikuwa Jumatano.